Milio Miwili ya Kontrola

Baltazar alikuwa amechoka, na siyo uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka minne fundi simu huyu wa Dongobesh alipeleka kigari chake cha rimoti kwenye mashindano ya Gitting, na miaka minne alirudi mikono mitupu. Safari hii alimwambia mkewe, Loveness, kuwa ndiyo ya mwisho. Alitaka jambo moja tu: baba yake, Mzee Qamara, aliyekiita kigari kile upuuzi tangu siku ya kwanza, amwone akishinda walau mara moja. Na mzee alikubali kuja.

Walishindana kwenye uwanja wa kupuria ngano, vumbi tupu. Baltazar alichuchumaa kurekebisha kontrola, kile kidude kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota. Hakina kioo wala maandishi. Unabana kitufe cha rimoti, kinalia, unahesabu. Ukiachia kwenye mlio wa pili, gari litakimbia mpaka betri ikauke. Ukiachia kwenye wa tatu, litajizima mapema kulinda betri. Ukikosea, shauri yako.

Mlio wa kwanza. Kivuli kikamfunika. Alikuwa baba na fimbo yake, ametoka Dirma.

Sasa niambieni, utamwambia baba yako mzazi asubiri kidude kilie? Baltazar aliinuka kidole kikiwa bado kwenye kitufe, kisha akaachia ili ampe mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Hawajambo. Ng'ombe? Wazima. Mvua? Wastani tu. Salamu zilipoisha, mwamuzi alikuwa anaita magari. Ililia mara mbili au tatu? Alijiambia mbili, maana hata kubishana na nafsi yake kulimchosha.

Mizunguko ilikuwa kumi. Aliongoza tisa, na mzee akawa anagonga fimbo chini kwa furaha. Kwenye kona ya mwisho kigari kikapoa, kikasimama. Gerald wa Gitting akapita.

"Kontrola uliiwekaje?" Gerald aliuliza.

"Nilihesabu vibaya." Iliuma, tena sana.

Mzee Qamara aliokota kigari, akakifuta vumbi kwa shuka lake.

"Mwakani nitawahi," alisema. "Nikusalimie kabla hujaanza kuhesabu."

Baltazar alikipokea kwa mikono miwili, asiseme kwamba mwakani haipo. Njiani alianza kutafuta maneno ya kumweleza Loveness.