Simu Inayomwita Mama Emery

Plamedie aliiweka ile programu kwenye simu ya mama yake kwa ajili ya dawa za presha. Mama alikuwa akisahau funguo, akasahau sufuria motoni, na hayo watu waliyavumilia. Lakini presha haina mzaha, na Plamedie hushinda sokoni akiuza vitenge.

Programu inakuruhusu kurekodi sauti yako. Mwanzoni alisema tu, "Mama, dawa." Kazi bure! Katika ua wao pale mtaani Bigo akina mama ni tele. Simu ikiita mama, kila mmoja anadhani anaitwa mwenzake, na huyu wetu hakuinua hata kichwa. Basi Plamedie akatumia jina ambalo mtaa mzima humwita mama yake, la mtoto wake wa kwanza. Kumwita mwanamke mzima jina lake la ubatizo ni kumvunjia heshima.

"Mama Emery, dawa iko ku meza. Kunywa."

Mama akaitika, akanywa. Kisha akatazama mlangoni.

"Na Emery mwenyewe iko wapi?"

Emery alifukiwa na shimo la dhahabu mwaka jana. Mama alikuwepo mazishini, alilia hadi sauti ikamkauka. Jirani akamweleza tena, naye akapiga yowe kama siku ile ile ya msiba. Kesho yake simu ikaita, akanywa, akauliza, akalia upya.

Plamedie akaifuta sauti ile, akarekodi "Mama Plamedie." Wapi! Simu iliita mpaka ikachoka, vidonge vikabaki mezani, na jioni mama akaanguka jikoni. Lisilo budi hutendwa: Plamedie akalirudisha jina la marehemu, huku akijichukia.

Jumapili alikuwa nyumbani simu ilipoita. Mama akanywa, akauliza. Plamedie alitaka kumdanganya, akageuza uso, na mama akaelewa. Safari hii hakupiga yowe. Alimsogezea binti yake simu.

"Weye ndiye unajua hii mashini. Andika mule, Emery alishakufa. Ikuwe inaniambia yenyewe, musichoke na miye."

Plamedie akaandika, machozi yakidondokea kioo cha simu. Programu, kwa Kifaransa chake cha adabu, ikamuuliza: mara ngapi kwa siku?