Risiti ya Mzee Kombo

Karakana yetu ya Utende inauza muda. Fundi akifika kwa mteja anawasha saa kwenye simu ya kazi, akimaliza anaizima, na mimi, Nusra, mwenye stashahada ya biashara, ninaugeuza ule muda kuwa bili. Shilingi elfu nne kila robo saa. Robo ikianza, hata kwa dakika moja, inahesabiwa nzima.

Jumatatu Fundi Tofiki alivuka kwa boti kwenda kisiwa cha Chole kutengeneza friza ya Mzee Kombo. Mzee mwenyewe alikuwa hoi kitandani, lakini friza ndiyo iliyohifadhi pweza wao wa kuuza. Tofiki alikuwa akikaza skrubu ya mwisho kilio kilipopanda chumbani. Mzee amefariki.

Mwanamume akikutwa na msiba hachukui begi lake akaondoka. Tofiki akapokea jembe. Akachimba, akaswali, akabeba jeneza, akazika, akala wali wa msiba kwa sababu kuukataa ni tusi. Muda wote huo simu imo ndani ya begi la spana, inahesabu. Aliporudi karakana jioni ilikuwa imehesabu muda wa saa saba na dakika kumi.

"Kazi yenyewe ilikuwa saa moja na dakika tano," akaniambia. "Nilisahau kuizima, mwanangu. Nani angeikumbuka?"

Nikaandika robo tano, elfu ishirini. Bosi Sadick akafungua kompyuta, akafuta, akarudisha robo ishirini na tisa. Laki moja na elfu kumi na sita.

"Bosi, hapa umemtoza mtu kwa kuzikwa."

"Nimetoza muda wa fundi wangu. Anayemlipa siku nzima ni nani, si mimi? Akitaka kuzika aombe ruhusa."

"Aombe kwa nani, kwa marehemu?"

"Tuma bili, Nusra."

Nikatuma. Kidole kilichobonyeza ni changu.

Siku ya nne akaja Zuleikha, binti mkubwa wa marehemu. Mama yake, Bi Swabaha, yuko eda, hatoki nje. Zuleikha akaweka bahasha mezani: noti za elfu moja moja, za elfu mbili mbili, zimekunjikakunjika. Nilizijua bila kuambiwa. Ubani, zile pesa watu wanazomtia mjane mkononi.

"Rudi nazo, dada. Nitazungumza na bosi."

"Hujazungumza naye?"

"Nimezungumza."

"Basi." Akaisogeza bahasha kwangu. "Bili ina jina la baba. Mama hataki deni limfuate kaburini. Ila anauliza kitu kimoja: muda wa kumchimbia, bei yake ni sawa na ya friza?"

"Sawasawa."

"Haya. Nipe risiti."

Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikaiandika kwa mkono, mstari kwa mstari, kama Tofiki alivyonisimulia siku yake. Kutengeneza friza, robo tano. Kuchimba kaburi la mteja, robo nane. Kumswalia mteja na kumzika, robo sita. Kula chakula cha msiba wa mteja, robo tatu. Kusubiri maji yajae boti ivuke, robo saba. Nikagonga muhuri wa karakana.

Kufika alasiri, picha ya risiti ilikuwa imezunguka Chole nzima, imefika hadi kijiji cha mbali cha Kanga. Bosi akanisogezea simu yake usoni. Bahasha alishaifungia kwenye droo.

"Umenichafua. Andika barua ya kuniomba radhi, uisome mbele ya mafundi. La sivyo kesho usije."

Mlangoni, Fundi Tofiki aliinamia begi lake la spana. Ana watoto watano, simlaumu. Nilijua kesho saa itawashwa vilevile, bei ileile, na msichana mwingine atakikalia kiti changu. Kule Chole Bi Swabaha ana friza inayogandisha vizuri, na hana hata pweza mmoja wa kutia ndani, wala pesa ya kumnunua.

"Kuna mstari wa uongo kwenye ile risiti?" nikamuuliza bosi.

"Sijakuuliza hilo."

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Nusra, omba radhi."

"Siombi."