Sanda ya Rabakoly

Habari ya kifo cha Malkia Rasoherina wa Imerina ilifika kijijini asubuhi, na jua halijapanda vizuri watu walikwisha kunyolewa vichwa. Mzee wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba akitangaza masharti ya matanga: hakuna kofia, hakuna ngoma, hakuna kulala kitandani, hakuna kufuma. Atakayekamatwa akifuma atauzwa utumwani yeye na wanawe.

Hilo la mwisho lilimpata Razay, mfumaji. Sanda ya hariri ya mama mkwe wake ilikuwa imefika nusu tu kwenye mtande wa kufumia, na Rabakoly mwenyewe alikuwa anakata roho pale pale chumbani.

Wawili hao walikuwa wamegombania malkia kama wenzao wanavyogombania kuku. Bibi kizee alikuwa upande wa Ranavalona, malkia wa zamani, aliyewafukuza wafanyabiashara wa ng'ambo na kufunga bandari. Enzi hizo bibi harusi na maiti wa Imerina walivishwa na wafumaji wa nyumbani, na nyumba ya Rabakoly ilikula nyama. Rasoherina akaja kutia saini mikataba na wageni, merikani, kitambaa cheupe cha pamba cha wageni, ikapanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, rahisi hata shangazi yake Razay akaivaa bila haya. Mtande ukawa hauleti chochote ila muhogo.

Razay aliyajua hayo, tena tumboni. Lakini kumsifu Ranavalona, hapana. Aliyetaka kila kitu kitengenezwe nyumbani alikitengeneza kwa migongo ya watu bila ujira. Ratsimba, mume wa Razay na mtoto pekee wa Rabakoly, alipelekwa kuvuta magogo msitu wa mashariki, hakurudi.

“Malkia wako alitulisha nyama akamla mwanao,” Razay alimwambia siku moja, na wakanuniana msimu mzima wa mpunga.

Sasa bibi kizee hakuomba ila jambo moja: asipelekwe kwa wahenga amevaa merikani. Kwao, kuingia kaburini bila hariri nyekundu ni kufika uchi. Razay alikuwa ameahidi.

Akaziba mlango kwa mikeka, akafuma akibana nyuzi kwa vidole, asipige ubao wa kushindilia nyuzi, mlio wake usisikike nje. Kipande hicho kipya kikatoka kimelegea kama wavu. Akakifumua huku analia kwa hasira, akaanza tena, mkono ukasahau ukapiga ubao. Si muda, mzee wa kijiji alikuwa mlangoni.

“Razay, nimesikia mtu anatwanga mpunga,” alisema polepole. “Nikisikia tena, sitaweza kusema ni mpunga.”

Alipoondoka, Razay aliwatazama wanawe wawili waliojikunyata pembeni, akaanguka miguuni pa mkwewe.

“Mama, siwezi. Watawauza watoto. Iliyobaki ni merikani.”

Alingoja laana. Rabakoly alikipapasa kile kitambaa cheupe cha merikani kilichowekwa kando ya mkeka wake.

“Na huyu Rasoherina wenu, akiita watu kazini, alikuwa analipa?”

“Hakulipa, mama. Wote wawili hawakulipa.”

Bibi kizee akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

“Ratsimba walimfunika na nini?”

Wenzake Ratsimba wa kule msituni walimwambia Razay zamani, naye akalificha.

“Majani, mama. Wakamwacha njiani.”

“Nilijua. Yule malkia nilimsifu kwa sababu nikimlaani, mwanangu amekufa bure.” Akavuta pumzi kwa shida. “Nifunge kwa hiki cha dukani. Hiyo nusu ya hariri ni ya mwanangu.”

“Mama, mifupa yake hatujui iko wapi.”

“Basi zikeni hariri.”

Alifariki jioni hiyo. Kufuma kulikatazwa, lakini kukata hakuna aliyekutaja. Razay akaikata hariri kwenye mtande. Wakamwingiza Rabakoly katika kaburi la ukoo na merikani yake, na kando yake, pale palipoachwa patupu kwa ajili ya Ratsimba, Razay akailaza ile nusu. Wanawake wa kijiji walinong'ona: mkwe gani huyu, anaweka hariri pasipo na mtu na mama wa watu anamzika kwa kitambaa cha wageni?

Razay alikuwa anamlilia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane alikuwa na kitu cha kumzika.