Gurudumu la Nyuma

"Na huo uji, mtoto anakunywa kwa kijiko au kwa mrija?" fundi pancha aliuliza, mikono mgongoni, kama mpita njia tu.

Binti yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, anaikamua chupa ya dawa ya pancha, na ule ute wa kijani ukishuka taratibu kupitia valvu mpaka ndani ya gurudumu la nyuma.

"Ni dawa, baba. Msumari ukiingia, tundu linajiziba huku naenda. Huko mbele kuna kilomita mia mbili hakuna fundi."

"Basi kaa penye mafundi."

Hapo ndipo penyewe. Kesho yake binti alikuwa asafiri, siku tatu barabarani, akaanze kazi ya kupeleka chanjo kwenye zahanati za mbali. Barua ya kazi anayo, helmeti anayo. Kilichobaki ni radhi ya baba, na bila hiyo, alisema, hatoki mlangoni. Baba naye, ambaye tangu afiwe na mkewe hana mwingine wa kumwuliza "umekula?", kila akiombwa radhi huzungumzia matairi. Mtu mzima, jamani, anajificha nyuma ya tairi!

Alfajiri ukungu ulishuka uani, kamba ya nguo ikapotea, zikabaki nguo zinaelea hewani peke yake. Fundi alitoka ndani nusu yake bado ikiwa ndotoni. Usiku kucha alikuwa ameota magurudumu yakienda zake, hayana watu juu.

Watu huwatania mafundi pancha kwamba wao ndio wanaomwaga misumari barabarani. Miaka thelathini fundi huyu alikuwa akijibu utani huo kwa ukali: mkono wangu unaziba, hautoboi. Asubuhi ile mkono huo huo ulichukua nyundo na msumari wa inchi mbili.

Pigo moja. Akauchomoa. Tairi likalia psss, sauti anayoijua kuliko hata sauti yake mwenyewe, na moyo ukamtulia: leo haendi mtu. Akalisukuma gurudumu kwa kiganja. Likazunguka ndani ya ukungu, jeusi, polepole, na ile psss ikawa mnong'ono, kisha ikanyamaza. Akatia mate kidoleni, akapaka penye tundu. Hakikutoka hata kipovu kimoja! Akaliminya tairi. Gumu.

Akalizungusha tena, na tena. Hakujua ni kwa muda gani. Gurudumu halikuwa na haraka, na yeye kwa kitambo alisahau alichokuja kukifanya. Halafu akakumbuka, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Baba? Unafanya nini?"

Binti alikuwa mlangoni, begi mgongoni. Uongo ulikuwa tayari ulimini: naangalia upepo, mwanangu. Lakini akilini alimwona juu ya tairi hilo, peke yake, siku tatu, amelikalia jeraha alilolitia yeye.

"Nimelitoboa," alisema.

"Nini?"

"Tairi. Kwa mkono wangu. Nilitaka usiende."

Maji ya ukungu yalidondoka kutoka kwenye nguo. Binti alimkodolea macho.

"Wewe? Wewe uliyemnunia jirani mwaka mzima kwa utani wa misumari?"

"Mimi huyo huyo. Sema lolote, nimestahili."

Binti alikuja, akachuchumaa, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, uso umemwiva kwa hasira. Kisha akauliza taratibu, na safari hii alikuwa anamwuliza fundi, si baba: "Linavuja?"

Ndiyo moja tu ingetosha. Angemwamini; nani anayejua matairi kumshinda?

"Halivuji," fundi alisema. "Dawa imeshika. Nimeizungusha, nimepima, imeshika. Dawa nzuri hii."

Binti akacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe umenijaribia."

"Usinipambe. Sikuwa najaribu."

"Najua, baba."

Fundi akafuta mikono kwenye shati, ingawa haikuwa michafu. "Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo, yote. Ukifika, piga simu. Usipofika, piga simu vilevile."

Akamfungia begi nyuma ya kiti mwenyewe, akavuta kamba mara mbili. "Halafu usisimame mapema. Kilomita kumi za mwanzo liache lizunguke tu, dawa ikae sawasawa."

"Hata kugeuka nikupungie?"

"Hata kunipungia."

Pikipiki ikawaka, ikapita getini, ikaingia kwenye ukungu. Haikusimama. Mlio ukawa mdogo, ukawa kama wa mdudu, kisha ukawa kitu anachokidhani tu.

Kwenye vumbi lenye umande tairi lilikuwa limeacha mstari mmoja safi, usiokatika. Fundi akaufuata, akitembea pembeni yake asiukanyage, akapita nyumba za majirani, akapita kibanda chake cha kazi bila kukitazama, mpaka barabara kuu. Kwenye lami mstari ukaishia. Akavuka, akainama, akautafuta kwenye vumbi la upande wa pili.