Baiskeli Hailali na Mwenyewe

Mtu akikuambia kwamba ng'ambo ya Busisi hakuna mlima wa kumtoa mwendesha baiskeli jasho, ujue hajawahi kupanda Itale. Huyo alipita na basi, akasinzia, akazinduka Geita. Odeta alikuwa akiipanda Itale karibu kila asubuhi kwa baiskeli ya Swala isiyo na gia hata moja. Barabara yenyewe ilichongwa kwenye mawe ya chokaa, nyeupe mpaka macho yanauma. Zamani malori yalipanda kubeba chokaa kutoka kwenye matanuru, lakini tangu soko huria liingie na maduka ya mjini kujaa chokaa ya mifuko kutoka nje, matanuru yalizimwa na malori yakaacha kuja. Barabara ikabaki ya mbuzi, na ya Odeta.

Aliyemfundisha kuipanda ni kaka yake, Luhaga. Ndiye aliyemwambia asisimame juu ya pedeli mapema, na asitazame kilele bali jiwe lililo mbele yake. Majirani waliposema huyu msichana gani wa kuanika magoti barabarani, Luhaga ndiye aliyewajibu, tena kwa maneno yasiyorudiwa mbele ya wakwe. Baba yao alikwisha fariki. Odeta alimwamini kaka yake kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mwaka huo wa tisini na sita, kampuni mpya ya kununua pamba ilitangaza mbio za wanawake, kutoka Busisi hadi juu Itale na kurudi. Mshindi angepata nafasi kwenye timu ya kampuni na kwenda kambini Dar es Salaam. Nafasi ilikuwa moja tu. Odeta aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakishuki.

Lakini kulikuwa na posa. Antoni, kijana wa kiwandani Nyakato, alikuwa amepeleka barua, na Odeta hakumkataa. Alimwambia, "Ngoja nishindane kwanza. Nikishinda nitaenda Dar, ukiweza kunisubiri nisubiri. Nikishindwa, leteni ng'ombe." Antoni akakubali kwa moyo mweupe. Aliyekataa ni baba yake, mzee Nkwabi. Binti akipanda gari la Dar, alisema mzee, ng'ombe watakwenda nyumba nyingine. Na ng'ombe hao, nyumba nzima ilijua, ndio ambao Luhaga naye angeolea. Mchumba wake alikuwa Sengerema, amengoja sana, na baba wa mchumba alianza kukaribisha wageni wengine.

Odeta alimuuliza kaka yake waziwazi kama moyo wake uko radhi. Luhaga akacheka.

"Wewe shinda, mdogo wangu. Mimi nitaoa hata nikiwa na mvi."

Sasa, waendesha baiskeli wa kule wana desturi yao. Usiku wa kuamkia mbio, baiskeli hailali na mwenyewe. Mchawi, wanasema, huanzia mlangoni kwa mshindani. Kwa hiyo baiskeli hufichwa na mtu wa damu yako, na hata wewe huambiwi iko wapi, usije ukaropoka. Odeta alisali kila Jumapili, lakini kwa hili hakuthubutu kubisha. Jioni alimkabidhi Luhaga baiskeli. Waliinua gurudumu la nyuma, wakalizungusha, likaenda kimya mpaka wakachoka kulitazama.

Asubuhi, filimbi ilipopulizwa pale Busisi, Odeta alichomoka na kundi la mbele. Upepo wa ziwa ulikuwa ukiwapiga ubavuni, akadhani uzito anaousikia miguuni ni upepo. Walipoanza kupanda, upepo ukabaki nyuma na uzito ukazidi. Paskazia wa Igogo, ambaye Odeta alizoea kumwacha kwenye kona ya kwanza, akampita. Wakampita na wengine, hata yule aliyevaa kandambili. Odeta akakanyaga kwa hasira, kisha kwa machozi. Mwishowe akashuka na kugusa gurudumu la nyuma katikati. Lilikuwa la moto, akarudisha mkono. Akaliinua na kulizungusha. Likaenda nusu, likakwama. Gololi zilikuwa zimebanwa, na kwenye nati kulikuwa na mikwaruzo mipya ya spana inayong'aa.

Alifika kileleni kwa miguu, akiisukuma baiskeli. Mlima mzima alikuwa peke yake, akiutazama weupe wote ule alioupenda, na kwa mara ya kwanza akautukana.

Luhaga alimpokea chini, akamshika mabega. Alipooneshwa nati, alipiga goti, akaikagua, akatikisa kichwa.

"Wamepajua nilipoificha," alisema. "Mdogo wangu, watu wabaya! Nilitoka kidogo tu kwenda kunywa maji." Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli kabisa.

Odeta ndiye aliyembembeleza. Ndiyo, yeye aliyeshindwa ndiye aliyembembeleza. Alimwambia, "Kaka, acha. Si kosa lako." Spana aliifikiria, nani asingeifikiria? Lakini kuna mawazo mtu huyafukuza kama kuku kwenye nafaka, na yeye aliyafukuza wiki nzima. Paskazia akasafiri na timu. Odeta akasema basi, waje na ng'ombe, ahadi ni ahadi.

Wakaja. Mzee Nkwabi alikaa kwenye kiti cha heshima, ng'ombe wamesimama nje wakipiga mikia, mama anahangaika na sufuria. Odeta akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mbio." Mzee alikuwa mtu mchangamfu, asiye na hila hata kidogo. Akamgeukia Luhaga. "Nyumba hii ina kijana wa maneno ya kweli, mama. Aliponitumia ujumbe siku moja kabla ya mbio, kwamba niandae ng'ombe kwa kuwa binti haendi Dar wala wapi, nilimwambia mke wangu, huyu anajuaje? Anabahatisha! Kumbe alikuwa anajua anachosema."

Akacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu. Odeta alibaki pale chini kwenye mkeka. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama mlangoni. Hapakuwa na haja ya kuulizana. Kilichomuuma hakikuwa Dar tena. Kilichomuuma ni yale machozi pale Busisi, na namna alivyoyafuta kwa khanga yake mwenyewe.

Mzee Nkwabi alinyanyuka. "Haya, desturi ni binti mwenyewe atuonyeshe kaka yake, tumkabidhi kamba ya ng'ombe. Namjua, lakini lazima nisikie kwako. Kaka yako ni yupi, mwanangu?"

Luhaga alikwisha simama, mkono ameunyoosha.

"Baba," alisema Odeta, "Antoni hana kosa, na mimi mwenyewe nitamwambia hivyo. Lakini ng'ombe rudini nao."

"Kwa nini tena?"

"Hakuna wa kuwapokea. Mimi sina kaka."

Mama akamwita kwa jina, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili taratibu. Odeta hakugeuka. Luhaga aliendelea kusimama vile vile, mkono mbele, akingoja mtu aseme kwamba ni utani.