Nyongeza za Emilio

Mazoea yana taabu. Wiki moja baada ya kumzika mumewe, Namutebi alifungua kibanda chao pale Custom, sokoni Juba, akachukua kadi ya memori iliyotolewa kwenye simu ya marehemu, akaichomeka kwenye kompyuta, akaifomati. Hakukusudia. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo, na kadi za Custom huja zimejaa virusi, kwa hiyo unaifuta kwanza ndipo unaijaza. Mkono ulifanya ulichozoea. Moyo ulipofika, kadi ilikuwa tupu.

Juba ilimjua Emilio kwa muziki wa panki. Bendi yake, Misumari, ilikuwa na wimbo mmoja uliovuma, magitaa yakinguruma na yeye akibweka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na watu wa bodaboda waliupiga mpaka spika zikapasuka. Walioishia hapo hawakumjua hata kidogo. Akiwa peke yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alirekodi kwa simu nyimbo za kanisani akizipiga kwa adungu, kinubi alichojifunza ukimbizini Uganda. Kuna siku alirekodi mvua kwenye mabati na kuipigia mluzi dakika tisa nzima, mtu mzima na akili zake! Bendi ilimcheka, redio hazikumtaka. Hakutaka nyimbo hizo zichanganyike na za biashara kwenye kompyuta ya kibanda, hivyo zote zilikaa kwenye kadi ile moja.

Mama yake, Natalina, hakuwahi kuupenda ule mbweko. Sasa alikuwa na ombi moja kwa ajili ya karama, ile siku ya arobaini watu wanapokusanyika kumwombea marehemu na kula pamoja.

"Emilio aliniambia iko wimbo aliniimbia mimi," alimwambia mkwewe. "Ile haina kelele. Siku ya karama nataka sikia hiyo tu, binti yangu. Halafu khalas, nitaacha kulia."

"Ndiyo, mama," Namutebi akajibu. Angesema nini? Kumwambia mama umeifuta sauti ya mwanawe ni kumzika mtoto mara ya pili, na safari hii jembe umelishika wewe.

Ndipo alipokumbuka ujeuri wa mumewe. Kila Emilio alipomjazia mteja kadi, mwishoni alichomeka na mmoja wa nyimbo zake hizo bila kuulizwa. Aliuita nyongeza, kama nyanya ya juu anayokuongezea mama wa sokoni. Wateja walilalamika, na Namutebi alimgombeza. Leo aliubariki ujeuri ule, akafunga kibanda na kwenda kuwatafuta wateja.

Mtaa wa Sherikat, Madut wa lori la maji alikuwa na wimbo wa kanisani. Miaka yote alidhani ulikuja na kadi. Mtaa wa Mangateen, muuza chai aitwaye Night alikuwa na ule mluzi wa mvua, na mwanawe hakulala bila huo. Namutebi alisimama pale na glasi ya chai mkononi, akalia bila kujificha. Lakini wengine walikuwa wamefuta, na wimbo wa mama hakuna aliyekuwa nao.

Siku ya karama alipiga magoti mbele ya Natalina. "Mama, kadi nilifuta mimi. Kwa mkono yangu. Ile wimbo sina."

"Malesh," Natalina akasema, yaani pole tu, na Namutebi hakujua kama amesamehewa.

Morris, mpiga ngoma wa Misumari, alikuwa amekaa karibu na akasikia. Aliinuka akatoa simu yake, macho chini. "Mama, iko kwangu. Alinitumia mimi mwaka jana. Nilimcheka, sikusikiliza mpaka mwisho."

Akaibonyeza. Sauti ya Emilio ikatoka, ya chini, polepole, adungu ikimfuata. Aliimba jinsi mama yake alivyombeba mgongoni mpaka mpakani miguu ikiwa imevimba, na jinsi alivyompa maji yote akidai yeye ameshakunywa. Natalina alifumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu.

"Na leo, mama," Emilio akaimba, "nataka kukuambia kitu ambacho sijawahi..."

"Emilio!" Sauti ya mwanamke ilikatiza, kali, kutoka nje ya chumba alimokuwa akirekodi. "Acha hayo makelele, njoo ule!"

Emilio alicheka kidogo. Adungu ikanyamaza, na simu ikanyamaza.

Watu waliitambua sauti ile, wakamgeukia Namutebi. Natalina alifumbua macho.

"Alitaka sema nini?"

"Sijui, mama."

"Hakukuambia?"

"Sikumuuliza."

"Sasa ulimwita ya nini?"

Jibu alilokuwa nalo Namutebi lilikuwa moja tu, la kweli.

"Chakula ilikuwa inapoa, mama."