Kigae cha Nazareno

Settimia alikuwa amewasimulia kisa hiki wanafunzi kumi na mmoja waliopanga kwake, kila mmoja na muhula wake, wote kwenye meza ileile. Kwamba marehemu mumewe, Nazareno, alitumbukia korongoni akichuma mboga za mwituni, akalala humo siku mbili mguu umevunjika, naye Settimia akamwekea Bikira Maria nadhiri: mume wangu akitoka hai, nitakuletea kigae cha shukrani, kilichochorwa yaliyompata. Nazareno akatoka hai. Na kigae kipo hadi leo, kimebandikwa ukutani kule kanisa la hija, pamoja na vya wengine.

Kumi walimsikiliza, wakasema pole, wakaomba mkate. Wa kumi na mmoja alikuwa Ugnė, binti wa Kilithuania aliyekuja Umbria kusoma Kiitaliano na sanaa. Huyu akaweka uma chini.

"Kiko upande gani, bibi?"

"Kule juu. Kulia."

"Basi nimepata kazi yangu ya mtihani!" Akapiga makofi. "Profesa anataka kila mtu achague kitu kimoja cha sanaa chenye mwenyewe aliye hai, amhoji, kisha akieleze kwa mdomo. Nitasema cha kwako."

Hapo ndipo Settimia alipopaswa kufungua kinywa. Badala yake alimwongezea maharage. Na Jumapili, walipotoka misani, akamwambia Fernanda, dada wa marehemu, kwamba kigae cha Nazareno kitazungumzwa chuo kikuu.

"Chuo kikuu! Kaka yangu?" Fernanda alishika kifua. "Mitihani yao si mtu yeyote anaingia kusikiliza?"

"Yeyote."

"Basi navaa koti langu zuri, wifi. Na wenzetu wa rozari nawaleta."

Settimia alisikia utamu moyoni. Baadaye, katika yote, utamu ule ndio uliomwaibisha kuliko mengine.

Ugnė alipanda kanisani mara ya kwanza, hakukiona. Mara ya pili, hakukiona. Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani, akamshika Settimia mkono wakaenda wote. Vigae vilijaa kuta tangu sakafuni hadi darini, na juu ya kila kimoja imechorwa balaa yenyewe: mtu anaporomoka mtini, mkokoteni umepinduka, ng'ombe anampiga mwanamke pembe, mtoto yuko kisimani, na Bikira Maria pembeni ndani ya wingu. Hapachorwi maua pale. Huchorwa lililotokea, vile lilivyotokea, kwa sababu Bikira anayepewa aliliona.

Bruda Gaudenzio, mtunza kanisa, alikuwa tayari juu ya ngazi anakitafuta, na miaka yake sabini na kitu.

"Shuka, Bruda, utaanguka."

"Nikianguka si na mimi nitachorewa changu?" Akacheka peke yake. "Kilikuwa na rangi gani, mama Settimia? Buluu? Labda kilidondoka wakati wa tetemeko. Vilivyodondoka niliviweka stoo."

Akashuka, akaingia stoo, akatoka anaburura sanduku. Alipiga magoti, akawa anatoa kigae kimoja kimoja na kukifuta kwa mkono wa kanzu, huku Ugnė akisoma majina. Utando wa buibui ulikuwa umemnasa Bruda ndevuni na hana habari. Settimia alivumilia yote, ila utando ule ulimshinda.

"Hakipo," akasema.

"Subiri, sanduku halijaisha."

"Hakipo, Bruda. Hakijawahi kuwepo."

Akawaambia pale pale, amesimama, mkoba kaubana tumboni. Nazareno hakuwa anachuma mboga. Alikuwa amevuka seng'enge akaingia msitu wa Elvio Bartocci, na mbwa na kijembe, anachimba uyoga mweusi wa ardhini, ule unaouzwa ghali, ambao ni mali ya Elvio, na haikuwa mara yake ya kwanza. Settimia alikwenda kwa mfinyanzi kuagiza kigae. Mfinyanzi akachukua penseli, akauliza: alikuwa wapi, na mkononi ameshika nini? Basi afanyeje? Kumchora ameshika mboga ni kumdanganya Mama wa Mungu mbele ya macho yake. Kumchora na kijembe ni kumtundika mumewe ukutani, na Elvio huja kuhiji kila mwaka. Alisema atarudi, asirudi. Miaka ikaenda, Nazareno akafa kitandani kwa ugonjwa wa moyo. Halafu siku moja Fernanda akamuuliza, na ile nadhiri ya kaka yangu? Akajibu, nilishatimiza. Basi.

Bruda alirudisha kigae alichoshika, akafunika. Alikaa juu ya sanduku lake.

"Wiki mbili, bibi," Ugnė akasema. "Nimekitafuta wiki mbili."

Heri angempiga kofi.

Njiani wakiteremka, walipofika darajani, msichana akasema, "Nitaeleza kingine. Kile cha mwanamke na ng'ombe. Hakuna atakayejua."

Settimia alijua anatakiwa kukataa. "Ahsante, mwanangu," akasema, tena upesi, asije binti akabadili nia.

Alhamisi ukumbi ulikuwa na baridi. Fernanda alikaa safu ya tatu na koti lake, wenzake wawili wa rozari nyuma yake, Settimia ubavuni. Ugnė alisimama mbele ya profesa, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaanza habari za mwanamke na ng'ombe. Maneno yakamwishia mapema. Akarudia aliyokwisha kuyasema.

"Mbona ng'ombe?" Fernanda akanong'ona. "Kaka yangu alifuga ng'ombe lini?"

"Na mwenye kigae?" profesa akauliza. "Uliniandikia kuna mjane, unakaa kwake."

"Hakuwa tayari, profesa."

"Hukutafuta mwingine?"

"Hapana."

"Basi hii ni nusu ya kazi. Siwezi kukupitisha. Utarudia."

"Sitakuwepo, profesa. Muhula wangu unaisha."

Alisema hivyo bila kugeuka nyuma. Hata jicho hakumtupia. Settimia alitazama mgongo ule mwembamba, sweta limechakaa viwikoni, akajikuta amesimama. Alikuwa ameacha shule darasa la tano, na hajawahi kusema mbele ya mwalimu bila kuulizwa.

"Profesa, samahani. Mjane ni mimi."

"Mama, huu ni mtihani, si soko."

"Najua. Maneno machache, nikae."

Akayasema: seng'enge, mbwa, kijembe, msitu ni wa nani, na uongo alioutia mezani miaka yote. Fernanda alikuwa anamvuta sketi. "Kaa chini! Wifi, mbele za watu! Kaka yangu huyo!" Huko nyuma mtu akacheka. Settimia alimaliza ndipo akakaa.

Profesa alivua miwani. "Ulijua haya?" akamuuliza Ugnė.

"Tangu juzi."

"Ukanyamaza, ufeli?"

"Ilikuwa siri yake."

"Sasa si siri tena. Anza upya. Nieleze kigae ambacho hakikuchorwa, na kwa nini hakikuchorwa."

Ugnė akageuka kumtazama Settimia, na Settimia akatikisa kichwa kukubali. Fernanda alisogea kiti kimoja, akaweka mkoba wake katikati yao, uso ameukaza mbele kama yuko msibani.

Msichana akaanza. Safari hii maneno yalikuja, mengine yamevunjika miguu, lakini yalikuja. Alipofika kwenye msitu akakwama, akatafuta, akasema Nazareno alikuwa mwizi. Kisha akaangalia safu ya tatu, vile alivyozoea mezani akikosa neno, akingoja apewe lililo laini zaidi. Settimia alikuwa nayo hayo laini, matatu au manne. Uso ulimwaka hadi masikioni, na wale wa rozari walikuwa wanamtazama.

Alifunga mdomo, akaliacha neno mwizi libaki lilivyo. Ugnė akaendelea.